Karatasi Iliyosafishwa kwa Simu

Aliyeiskani karatasi ya shamba langu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Jina lake silitaji kwa sababu mabinti zangu wawili, ingawa wameolewa mbali, bado wanabeba jina la ukoo huo. Lakini mtu wa upande wa Gitting akisoma hapa atamjua kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, na mimi nataka amjue.

Nilisoma mpaka darasa la nne, huko kwetu Mbulu, karibu na Dongobesh. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Kwa hiyo karatasi naiogopa na kuitunza kuliko anavyoitunza mtu aliyesoma. Aliyesoma ikimpotea anaandika nyingine.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya daftari, ile ya katikati inayotoka ikiwa mbili zimeshikana. Iliandikwa mwaka aliofariki mume wangu. Kwetu, mjane asiyezaa mtoto wa kiume anakaa kwenye shamba la ukoo kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Hakuna anayemfukuza, lakini kila mtu anamwangalia anaondoka lini. Mama mkwe wangu alilijua hilo. Akaita kikao mwenyewe, kwake, akaketi mlangoni kwenye kigoda. Walikuja baba mdogo wa mume wangu, wazee wawili majirani, na katekista wa kigango, ambaye ndiye peke yake aliyejua kuandika vizuri. Shemeji hakuwepo, wakati huo alikuwa Babati anafanya kazi kwenye magari.

Katekista akaandika alichoambiwa: kipande cha chini, kutoka kijito mpaka njia ya kwenda mashineni, amepewa mke wa marehemu, na akifa ni cha binti zake. Ikafika kutia dole. Hakuna wino. Mzee mmoja akasema twende ofisi ya kijiji, kule kuna kidau cha wino. Mama mkwe akasema jambo lake halitatoka nje ya mlango wake kwenda kuomba wino. Akavuta sufuria ya makande, akakwangua masizi ya ubavuni, akayachanganya na samli kidogo kwenye kiganja, akabonyeza dole lake kwenye karatasi. Baba mdogo akafuata, kisha wale wazee wawili. Katekista akaandika jina la kila mmoja chini ya dole lake. Samli ilienea, kila dole likawa na duara la mafuta. Baba mdogo alifuta kidole chake kwenye shuka lake jeupe, mama mkwe akamcheka, akamwambia mkeo leo atakufulia huku anakutukana. Ilikuwa siku nzuri. Tulikula yale makande.

Mama mkwe naye akaja kufariki, na katekista, na mmoja wa wale wazee, na mwingine akahamia kwa mwanawe Simanjiro huko mbali, akafia huko. Karatasi niliiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kopo ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda, kwenye nyumba aliyonijengea mume wangu huku chini ya mlima, upande wa Katesh. Shamba likawa Gitting, nyumba ikawa huku. Nilikuwa napanda kulima, nashuka kulala.

Ndipo likaja tangazo kwamba mashamba ya kijiji cha kule yatapimwa watu wapewe hati, na mwenye karatasi yoyote aitume kwenye simu ya mtendaji wa kijiji, iwe imeskaniwa. Mimi nina kitochi. Kinapiga na kupokea, basi. Shemeji alikuwa amesharudi kutoka Babati, ana simu ya tachi yenye kioo kama sahani. Akashuka mpaka kwangu na kilo mbili za sukari. Wakati ule nilimpenda, niseme ukweli. Alikuwa na sauti ya kaka yake.

Akaomba karatasi, akaitandaza uani juu ya mfuniko wa pipa la maji, kwa sababu ndani palikuwa na giza. Akanielekeza nisimame upande ule nisitie kivuli. Mistari ya bluu ikazunguka karatasi kwenye kioo, ikahangaika kidogo, ikatulia kwenye kona nne. Akabonyeza. Picha ya kwanza ilikuja kama karatasi ilivyo: ya njano, yenye mikunjo, mafuta, na masizi. Akanionyesha.

Nikaona aibu. Mtu asiyekaa huku hataelewa aibu hiyo. Ni kama kumpeleka mtoto shule na shati chafu. Niliwaza mtendaji anaifungua ofisini mbele ya watu, wanasema hawa karatasi yao wanakaangia chapati.

Shemeji akaniuliza, "Nisafishe? Kuna mahali pa kusafisha."

Nikamwambia, "Safisha, shemeji. Wasituone wachafu."

Hayo maneno ni yangu. Nikiwataja walionipokonya shamba lile, najitaja na mimi, ili mtu asiseme nimejificha.

Akabonyeza mara moja tu. Karatasi ikawa nyeupe kabisa, mikunjo hakuna, mafuta hakuna, maandishi meusi yamesimama kama yameandikwa leo. Nilicheka kwa furaha. Nikasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, nikafika kwenye majina manne ya chini, yote yapo, nikashukuru. Mimi huwa natazama maandishi kwa sababu maandishi ndiyo yanayonisumbua. Juu ya yale majina palikuwa peupe, na sikupatazama. Nani anatazama mahali pasipo na kitu? Ile simu iliona masizi na samli, ikadhani ni uchafu, ikafuta. Dole la mama mkwe wangu, la mwanamke aliyezaa watoto wanane, likafutwa kama doa la chai.

Shemeji aliona? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka. Zamani nilisema hakuona. Leo nasema aliona. Ushahidi sina, nina macho yake tu, yalivyokaa kwenye kile kioo baada ya kazi kwisha. Kisha akaituma kwa mtendaji, akanirudishia karatasi, nikairudisha kwenye kopo, akanywa maji, akaondoka.

Tope lililoshuka kutoka mlimani sitalisimulia. Wamelisimulia wengi, na wengine hawakuwepo. Niseme tu kwamba asubuhi ile nilikuwa nimetoka kumfuata ng'ombe aliyekata kamba, nikasikia mlima unakohoa, na nilipogeuka uani kwangu palikuwa panapita mawe, miti, na bati la kanisa. Kitanda, sanduku, kopo, vyote vilienda. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alienda. Ng'ombe yule mkorofi ndiye aliyeniokoa, na siku tatu baadaye naye akafa kwa kuvunjika mguu.

Tulikaa shuleni, tukalala madarasani. Walikuja watu wengi, wenye blanketi na wenye kamera, wakatuuliza tunajisikiaje. Shemeji hakuja. Kutoka Gitting mpaka pale ni mwendo wa pikipiki, hata chai haiwezi kupoa. Alituma salamu.

Nilichokuwa nacho duniani ni viazi. Nilikuwa nimepanda viazi mviringo kwenye kile kipande cha chini, kijito mpaka njia, wiki chache kabla. Usiku na mchana nilikuwa nawaza viazi. Nikasema nikipata nguvu miguuni nitapanda kule juu, nijenge kibanda kule kule, niishi kwenye changu.

Nilipofika nilikuta nguzo mpya zimechimbiwa kukata shamba katikati ya matuta yangu. Shemeji akatoka kwake kunipokea, akanipa pole kwa mikono miwili. Akasema shamba wameliweka sawa kwanza, mambo ya familia yatazungumzwa taratibu. Nikamwambia hakuna cha kuzungumza, mama alishasema na karatasi ipo.

"Ipo wapi?"

"Si kwenye simu yako. Na kwa mtendaji."

Hakubisha. Akasema basi twende kwa mtendaji. Na akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba serikali si inawajengea ninyi wa tope nyumba, sasa mtu mmoja nyumba mbili za nini.

Mtendaji wa kijiji, wa pili ninayemtaja kati ya walionipokonya, ni mtu wa makamo kama mimi, mwenye adabu ya ofisini. Alitafuta kwenye simu yake muda mrefu, akipandisha na kushusha, katikati ya matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea. Akaipata. Akamtuma mtu akaiprinti. Ikaja karatasi nyeupe, bado ya moto. Akaisoma yote kwa sauti, akafika mwisho, akainua kichwa.

"Mama, hapa nina majina. Dole liko wapi?"

"Lipo juu ya jina."

"Nionyeshe."

Nikaweka kidole pale dole lilipokuwa. Sikuamini nilichokuwa nakiona, nikakisogeza kwenye jina la pili, na la tatu.

"Hapo umeweka kidole chako, mama, siyo chao," akasema. Watu wawili waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtendaji akaeleza kwamba majina tu anaweza kuyaandika yeyote, hata yeye, na kwamba shauri litapelekwa baraza la ardhi la kijiji.

Nilishuka mpaka Katesh kwa mguu. Mjini nikaingia kwenye duka la steshenari la mama mmoja, nikampa ile karatasi nyeupe niliyotoka nayo kwa mtendaji, nikamuuliza kama inaweza kurudishiwa uchafu wake. Alicheka mpaka akashika kaunta. Alipoona mimi sicheki akaacha, akanipa kiti, nikamweleza. Akatoa simu yake mwenyewe, akaskani stakabadhi iliyokuwa mezani, akaisafisha, ikawa nyeupe. Kisha akabonyeza mahali fulani chini, pana duara dogo la rangi, na stakabadhi ikarudi na uchafu wake wote. Akafanya hivyo mara tatu ili nielewe. Picha ya kwanza haifi, akaniambia, inalala chini ya ile safi, lakini kwenye simu iliyopiga tu. Aliyotumiwa mtendaji haina kitu chini yake.

"Simu yenyewe bado ipo?" akaniuliza.

"Anayo mfukoni."

"Basi, mama, madole yako yapo."

Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo, hata siku ya harusi yangu. Nikarudi kwa mtendaji kesho yake asubuhi kumwambia. Nilitaka simu ile iombwe siku ya baraza, ghafla, mbele ya watu wote. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema jambo hilo kweli linaweza kumaliza kesi. Lakini akasema pia kwamba yule ni shemeji yangu. Nikimfungulia simu barazani bila kumwambia nitakuwa nimemvua nguo. Nikaongee naye nyumbani kwanza, ndivyo wazee wa baraza watakavyotaka kusikia.

Alikuwa anasema desturi, na mimi desturi naijua. Huku kwetu huwezi kumshtaki ndugu wa mume kabla hujakaa kwake, ukala chake, ukamweleza kwa mdomo wako. Ukiruka hilo, baraza linaanza kukusikiliza likiwa limeshakuhukumu. Mtendaji alilijua hilo na alimjua mtu aliyekuwa ananituma kwake. Na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilitaka isemekane nimelelewa.

Nikaenda. Mke wake alinikaribisha vizuri, akanitilia chai ya maziwa, akaniletea viazi vya kuchemsha. Sikuuliza vilitoka shamba gani. Nikamweleza shemeji kila kitu. Nikamwambia simlaumu, kusafisha nilikubali mimi. Nikamwambia afungue tu ile picha, abonyeze pale chini penye duara la rangi, dole la mama yake litarudi. Nilimfundisha hata mahali pa kubonyeza.

Akasema, "Kumbe. Sikujua." Kisha akasema, "Nitaangalia, shemeji. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa.

Baraza lilikaa siku nne baadaye, nje ya ofisi, kwenye mabenchi ya shule. Watu walikuwa wengi kuliko kesi. Tuliongea Kiiraqw tangu mwanzo, kila mtu akasema yake, na mimi nikasema ya picha inayolala chini. Wazee wakageuka. Shemeji akainuka kabla hajaombwa, akatoa simu, akaifungua, akampa mtendaji kwa mikono miwili kama anampa mtoto.

Mtendaji akabonyeza pale nilipoeleza. Karatasi ikabaki nyeupe. Akabonyeza tena. Akampa mzee wa kulia, akampa wa kushoto, ikazunguka benchi zima mpaka ikafika kwangu. Chini ya ile nyeupe palikuwa na nyeupe nyingine.

"Simu ilijaa," shemeji akasema. "Nilipunguza vitu juzi. Nikabakiza iliyo safi."

Juzi. Alilitamka hilo bila kumeza mate.

Alikuwa amebaki shahidi mmoja aliye hai, baba mdogo, na ndiye wa tatu. Aliketi mbele, shuka begani, fimbo kati ya magoti. Nilikuwa nimemwamkia asubuhi, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu kama siku zote. Msimu ule shamba lake lilikuwa limelimwa na trekta aliyoileta shemeji, kila mtu aliliona. Wakamuuliza alitia dole au hakutia.

Sasa nieleze jambo moja. Mzee huyu Kiswahili anakijua cha kununulia chumvi. Maisha yake yote nimemsikia akiongea Kiiraqw, hata na padri. Siku ile akajibu kwa Kiswahili, akimtazama mtendaji na kalamu yake.

"Sikumbuki."

Nikasimama. Mwanamke hasimami mzee akiwa anasema, najua. Nikamuuliza kwa lugha yetu, "Baba, siku ile masizi ya sufuria ya mama uliyafuta wapi?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya fimbo, nikauona unashuka taratibu unaingia ndani ya shuka. Macho yake yalikuja kwangu, na niliona anakumbuka. Alikuwa anaiona ile sufuria kama ninavyoiona mimi.

"Sikumbuki," akasema tena, kwa kile Kiswahili chake.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Shamba ni la familia. Mama huyu avune alichopanda, kwa huruma kwa sababu ya matatizo yaliyompata, kisha aache ardhi. Mtendaji akaandika. Nilipotaka kuandika jina langu, ambalo naliandika vizuri, akasema dole linatosha, akanisogezea kidau cha wino. Siku hiyo kilikuwepo, kimejaa. Bila dole hakuna kuvuna. Nikaweka. Likatoka la bluu, kila mstari wa ngozi unaonekana. Akatoa simu akaipiga karatasi picha hapo hapo, na nilimwona: hakubonyeza mahali pa kusafisha.

Nilipotoka nilimpita baba mdogo pale alipokuwa amekaa. Sikumwamkia. Katika maisha yangu sijawahi kumpita mzee bila shikamoo, na mwili wangu wenyewe ulishtuka, ulitaka kupiga goti. Nikausukuma mbele.

Viazi vilikomaa mwezi uliofuata. Nilipanda kwenda kuvuna na mwanamke mwenzangu niliyelala naye darasa moja kule shuleni, mjane kama mimi, mcheshi, ambaye kila tukijaza debe alisema hili la kumtapisha shemeji yako. Tulichimba siku tatu. Siku ya tatu shemeji akaja, akasimama njiani, nje ya nguzo zake, mikono nyuma. Alitutazama kwa muda. Nilikuwa nimepiga magoti napekua udongo wa tuta ambalo jembe lilishapita.

Akasema, "Hata vile vidogo unachukua, shemeji? Viache. Hivyo ni mbegu."

"Ni mbegu," nikamwambia. "Ndiyo maana nachukua."

Akageuka, akaondoka. Mwenzangu akaniuliza kama twende, jua limeshuka na pikipiki ya kubeba magunia inasubiri. Nikamwambia atangulie. Nikarudi mwanzo wa shamba, kule kijitoni, nikaanza tuta la kwanza upya kwa mikono, nikavunja kila bonge, na hata kiazi cha ukubwa wa gololi sikukiacha.